Muulize Fundi: Kombi ya mzee imeoza chini, nitie viraka ama nikate?

SWALI: Assalam aleikum Fundi. Mimi msomaji wako huku Kisauni. Marehemu baba alituachia Kombi ya Volkswagen ya 1976, ile ya kioo kimoja kizima mbele, alikua akipelekea wageni Tsavo na Malindi. Alipofariki ikaegeshwa uani chini ya mwembe na haijatoka tangu hapo. Injini tushaiwasha, yanguruma vizuri tu, shida ni chini. Nikiipiga jeki ule mlango wa kusukuma haufungi, na kuna sehemu nikidunga bisibisi inaingia mpaka ndani. Fundi wa kwanza asema atapiga mabati juu ya palipooza achomelee na rodi, siku mbili kazi kwisha. Wa pili asema ikatwe chini karibu yote, na pesa aliyotaja ilinifanya ninyamaze. Nataka niifanye gari ya kuuza kahawa na maji ya matunda pale Mama Ngina. Shasi hii yafaa ama niiuze kwa kilo?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. Usiiuze kwa kilo bado. Na huyo wa siku mbili mshukuru kwa adabu umuache aende zake, nitakwambia kwa nini.

Kwanza tuelewane hiyo shasi ni nini, manake watu wanaiongelea Kombi kama lori, eti bodi inashuka vinabaki vyuma viwili vimelala. Kombi haiko hivo. Kuna reli mbili ndefu kutoka mbele mpaka nyuma lakini zimechomelewa na sakafu yenyewe, baina yake kuna vyuma vya kupita upande kwa upande, alafu kila reli inatoa mikono mifupi kwenda nje mpaka chini ya milango. Huko nje ndiko kuna zile sehemu za kutia jeki, na ile kingo ya chini ya mlango nayo si bati moja, ni matatu, la ndani, la kati na la nje. Vyote vinashikana na vyote vinabeba. Mikono ikioza na kingo ikioza, ukiinua gari kwa jeki inajikunja katikati kidogo tu, hata kwa macho huoni, ila mlango unaona. Ule mlango wako mzima kabisa, anayekudanganya ni jeki inayosukuma kutu.

Sasa hii kutu ya huku kwetu ina tabia yake. Gari ya Nanyuki inaoza ikinyeshewa, gari ya Mombasa inaoza hata kiangazi. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewani ukipita asilimia 75 hivi, inavuta maji yenyewe na kuyeyuka, ndio maana chumvi ya jikoni inalowa kwenye kikopo na mama anatia punje za mchele. Hapa kisiwani alfajiri nyingi unyevu unapita hapo. Basi ile chumvi iliyopulizwa na upepo wa bahari ikaingia ndani ya reli na ndani ya kingo, kila usiku inalowa upya, jua likitoka inakauka nusu, na kule ndani hewa haipiti. Ongeza majani ya mwembe yaliyooza kwenye mifereji ya paa na chini ya mpira wa kioo, ongeza mchanga wa pwani uliojazana juu ya mikono tangu enzi za mzee, umepata kitu kinachokula chuma mchana na usiku bila tone la mvua.

Ndio nikasema huyo wa siku mbili aende. Bati jipya juu ya bati lililooza linaacha nafasi katikati, chumvi iko palepale, kutu mpya inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila kwa hivyo inasukuma kiraka kutoka ndani mpaka kinafura. Alafu kile kiraka kimeshikilia nini? Kimeshikilia kutu. Gari ikipita kwenye matuta ya barabarani uzito wote uko juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe umesema bisibisi inaingia.

Kabla hujalipa mtu yeyote, pima. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi butu, gonga reli yote polepole kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Kila palipokufa chora na chaki. Usidanganywe na lami nyeusi iliyopakwa chini, kwangua, mara nyingi hiyo lami ndio imeshikilia umbo na bati lenyewe lishaondoka. Angalia sana sehemu mbili: mbele pale ekseli inapofungwa kwenye reli na pale boksi ya usukani ilipofungwa, na nyuma pale lile bomba la sprinki za kujisokota linaposhikana na bodi. Angalia pia chini ya betri, moshi wa asidi umekula Kombi nyingi pale, hapo osha na maji yenye magadi ya kuokea kwanza ndio ukwangue.

Zikioza hizo mbili za ekseli, usukani na sprinki, basi msikilize fundi wa pili na pesa zake, na hata yeye muulize atapima vipi gari isije ikatembea upande kama kaa. Lakini ikiwa kilichooza ni mikono, sehemu za jeki, kingo na vipande vya reli hapa na pale, ambayo kwa maelezo yako ndio naona, hiyo kazi inafanyika na haihitaji kukatwa chini yote. Kombi za umbo hilo zilitengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 mpaka 1979, na Brazil wakaendelea na bodi iliyotokana nayo mpaka Disemba 2013, kwa hivyo mikono na kingo mpya bado zinafinyangwa na kuuzwa nje huko, unaagiza zinakuja. Zikiwa ghali, fundi mzuri wa kukunja mabati atakukunjia za hapahapa, ila mpe kile kipande kilichooza kama sampuli, usimpe maelezo ya mdomo.

Haya, kazi yenyewe.

Toa injini na tangi la petroli. Najua utasema injini nzima ya nini kuisumbua, lakini kwenye Kombi tangi liko juu ya giaboksi na halitoki mpaka injini itoke, na hakuna mtu mwenye akili anachomelea chini ya tangi la petroli. Injini yenyewe ni nyepesi kuitoa, watu wawili na jeki wanaimaliza. Ukiwa hapo badilisha mipira yote ya petroli, yote, usiangalie kama yaonekana mizima. Kombi nyingi duniani zimeteketea kwa mpira wa petroli uliozeeka kudondokea injini ya moto, na kama injini yako ni ile ndogo ya 1600 bloku yake ni aloi ya magnesiamu, ikishika moto ukaimwagia maji ndio inazidi. Betri nayo ifungue waya zote kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa la sivyo altaneta itakufa.

Gari ikae sawasawa, uzito uwe kwenye ekseli mbele na nyuma kama inavyosimama barabarani, usiweke stendi chini ya mikono utakayoikata. Chomelea skwea tyubu ndani ya uwazi wa milango, moja ya kulala na moja ya mshazari, ishikilie umbo. Pima kona kwa kona ukaandike ukutani. Alafu upande mmoja kwanza, na hata upande huo usikate mikono yote kwa pamoja, kata mmoja, weka mpya, ujaribu mlango, ndio uende wa pili. Nimeona mtu kakata pande zote mbili siku moja kwa haraka ya kutaka kuona kazi inasonga, na ile gari mpaka leo mlango unafungwa na kamba.

Ukikata, kata mpaka ukute chuma kinachong'aa pande zote, hata kama tundu linakua kubwa kuliko ulivyopanga. Bati la kutia lisiwe la paa. Kwa reli na mikono tafuta geji 16, karibu milimita 1 na nusu, na pale pa kubeba sana geji 14, yaani milimita 2. Kwa ngozi ya nje ya bodi geji 20 yatosha. Ila pima unene wa bati zima lililobaki kwa kipimo cha venia ufuate hilo, usifuate langu. Na usikubali bati lenye zinki lichomelewe hivihivi bila kukwanguliwa zinki, ule moshi mweupe unampa fundi homa ya usiku, baridi na kutetemeka kama malaria, asubuhi imeondoka na yeye anadhani ni mbu. Eti anywe maziwa. Maziwa hayazuii kitu, ayatie kwenye chai, avae barakoa ya maana na akae upepo unapotokea.

Mashine iwe ile ya waya na gesi, MIG. Ya rodi ni nzuri kwa geti na kwa trela la mkokoteni, kwenye bati la milimita moja inatoboa kuliko inavyoshika, fundi mwenye mkono mzuri sana ataweza kwenye reli lakini wangapi? Tena hapa Mombasa kuna jambo fundi wengi hawakwambii: mashine ya gesi haipendi upepo. Kusi ikivuma au hata ule upepo wa mchana wa bahari, ile gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka inapeperushwa, na chomeleo linatoka na vitundu kama sponji. Linaonekana limeshika, ukilipiga nyundo linaachia. Wafanye kazi nyuma ya ukuta au watundike turubai. Wachomelee vipande vifupi vifupi, sentimita mbili tatu hapa kisha waende upande wa pili, wakienda mstari mmoja mrefu bati linajikunja kwa joto. Pale ambapo kiwandani palikua na nukta za mashine, watoboe bati la juu matundu ya milimita 8 na kuyajaza.

Na sasa sehemu ambayo ndiyo itakayoamua gari idumu au irudi, nayo haina moshi wala cheche ndio maana watu wanairuka. Ile chumvi. Ukikwangua kutu kwa grainda na waya brashi chuma kinang'aa, lakini ndani ya vile vishimo vidogo vya kutu chumvi bado imo. Ukipaka rangi ya redoksaidi juu yake, baada ya wiki chache unaona vidoti vya kahawia vinachomoza. Lazima uoshe kwa maji matamu, na si kupitisha kitambaa, uoshe hasa, ndani ya reli pia, ingiza mpira kwenye matundu uache maji yapite mpaka yatoke safi bila mchanga. Kausha kwa kompresa na jua siku hiyohiyo, paka dawa ya kutu ya asidi ya fosforiki kwenye vishimo ambavyo waya haufiki, fuata maelezo ya kopo kama inasuuzwa au inaachwa, alafu praima ya zinki. Chuma kilichokwanguliwa kisilale uchi hapa kwetu hata usiku mmoja, asubuhi kishageuka rangi ya chai. Panga kazi hii kati ya Januari na Machi mapema, kaskazi ikiwa kavu, usianze Aprili masika yakiingia ukaja kuniandikia tena.

Kabla ya kufunga kila boksi, yaani reli, mkono au kingo yenye uwazi ndani, paka ndani kwanza, ukishafunga hufiki tena. Joto la kuchomelea litaunguza rangi ya ndani karibu na mshono, kwa hivyo kazi ikiisha puliza nta ya ndani ya shasi kwa kimpira kirefu kupitia matundu yake, ipashe moto kidogo iwe nyepesi, ipenye kwenye mishono. Na matundu ya kutolea maji yaache wazi! Kuna fundi akiona tundu chini ya kingo anadhani ni kasoro, analiziba na silikoni, anakuachia ndoo ya maji chini ya mlango.

Kuhusu pesa, mlipe kwa hatua, na kila boksi kabla halijafungwa uende ukaangalie ndani na upige picha. Fundi mzuri atafurahi. Na hiyo biashara ya kahawa, tangi la maji na friji viweke juu ya reli au karibu nazo, usiviweke vyote upande mmoja pembeni mwa mlango kwa sababu ya kupendeza.

SWALI: Fundi, niko Likoni, nina pikapu ya zamani aliyoniachia mjomba, navuka feri karibu kila siku. Fundi wangu kila mwezi anaimwagia oili chafu chini, asema ndio dawa ya kutu. Ni kweli dada yako naibiwa ama?

JIBU: Hujaibiwa dada, lakini hiyo si dawa. Oili yoyote itazuia maji kwa muda, huo ndio ukweli anaousema. Asichosema ni kwamba oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na maji ya kuchomeka kwa petroli na vumbi la vyuma, inakula mpira wa bushi zako, inashika mchanga wote wa barabarani ukawa tope la kudumu, na siku utakayotaka kuchomelea chochote huko chini itawaka. Nyingine inadondoka na mvua ya kwanza inaishia baharini tunakovua samaki. Na pale kwenye rampu ya feri maji ya bahari yanarukia chini ya gari, yale hayaulizi kama kuna oili. Cha maana ni kuosha chini kwa maji matamu kila wiki, ikauke, na mara moja au mbili kwa mwaka upake nta ya shasi au grisi safi iliyolainishwa kwa oili mpya. Siku ambazo huna haraka pita Dongo Kundu, ni mzunguko lakini hakuna maji ya chumvi magurudumuni.

SWALI: Mimi wa Tudor. Umewahi kusema tuoshe magari mara kwa mara. Kaosho letu la mtaani wanaosha kwa maji ya kisima, wana mashine ya presha nzuri sana. Yatosha?

JIBU: Onja hayo maji. Wallahi, tia kidole uonje. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe na bahari inapenya chini, visima vingi maji yake ni ya chumvi au ya kukwaruza ulimi. Ukiyasukuma kwa presha unaipeleka chumvi mpaka mahali upepo peke yake usingefika. Juu ya rangi si mbaya sana kwa sababu unafuta, chini hakuna anayefuta. Waoshe kwa maji yao, alafu wewe suuza chini na jerikeni moja ya maji ya mfereji kwa ile pampu ya kubeba mgongoni ya kupulizia mimea. Mvua ikinyesha kinga ya paa, hayo ndio mazuri kuliko yote na ni ya bure.

SWALI: Fundi salamu. Mimi ni wa Mtwapa, jirani yangu anatengeneza boti za faiba, asema anaweza kuifunika shasi ya kigari changu cha zamani kwa faiba tupu, haitaoza milele. Waonaje?

JIBU: Faiba haiozi, kweli. Kilichomo ndani yake ndio kinaoza, na sasa hukioni. Kwenye madigadi ya gurudumu au kifuniko cha spea tairi mwache jirani apige faiba, kazi yake mzuri. Kwenye chochote kinachobeba uzito, hapana.

SWALI: Kombi yangu sehemu ilipogongwa namba ya shasi, ndani ya chumba cha injini, bati limeanza kuoza pembeni. Fundi asema akate kipande chote atie kipya, namba ataigonga tena mwenyewe kwa nyundo ana herufi zake. Niko Bamburi.

JIBU: Kaka, simama hapohapo. Namba ya shasi haigongwi na fundi wa mtaani, ni makosa, na gari ikija kukaguliwa au ukitaka kuiuza utaonekana umeiba gari yako mwenyewe. Nenda NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na logibuku kabla grainda haijaguswa, uwaulize utaratibu na upate ruhusa kwa maandishi. Mara nyingi hata haihitajiki kukata: bati la pembeni linakatwa mpaka karibu na namba, kipande chenye namba kinabaki kama kilivyo, kinasafishwa kwa mkono na dawa ya kutu, bila waya wa grainda manake utafuta herufi. Piga picha za karibu na za mbali, tarehe ionekane, uziweke pamoja na logibuku.